Miwani ya kuku: nyota tatu, kwa sharti moja

Nianze na hukumu, mwenye haraka asichelewe. Miwani ya plastiki ya kuku inafanya kazi. Ukimvika kuku mkorofi jioni, haichukui muda wenzake wanaanza kula kwa amani. Ila ukimvika yeye halafu banda, chakula na vyombo vikabaki vilevile, umenunua utulivu wa muda tu. Siku ya kumvua ugomvi unarudi, au kuku mwingine anakalia kiti chake. Natoa nyota tatu kati ya tano, na sharti langu ni hili: inunue ikusaidie wakati unatengeneza mambo mengine, usiinunue badala ya kuyatengeneza.

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Oli, Arua, Uganda. Cherehani yangu iko barazani na baraza linatazama uani, kwa hiyo kuku wangu nawaona tangu wanapofunguliwa asubuhi mpaka wanapopanda kulala. Si kuku wa biashara. Nina majike wanne wa kienyeji, jogoo mmoja, na kuroiler sita waliokuja baadaye. Mayai tunakula, yanayozidi wateja wangu wanayabeba wanapofuata nguo zao. Nayasema haya ili ujue ninamwandikia nani: mwenye kuku kumi na kitu nyuma ya nyumba, anayemjua kila mmoja kwa mwendo wake. Mwenye kuku mia tano ana hesabu zake, na hizo sizijui kwa mikono yangu.

Mkorofi wa kundi letu anaitwa Madamu. Ni wa kienyeji, mwekundu, shingo yake haina manyoya, na ni mama hodari: akiatamia haachi yai, akilea vifaranga hata mbwa anampisha. Kabla kuroiler hawajaja alikuwa mkubwa wa uwanja na hakuna aliyeumia. Akidonoa alidonoa mara moja, mwenzake akasogea, basi. Kuroiler walipoingia mambo yakageuka. Hao ni kuku wa miili mikubwa, aina iliyotengenezwa India na kuingizwa hapa Uganda mwaka 2010, na njaa yao inalingana na miili yao. Walipojaa kwenye chombo cha chakula Madamu aliacha kula akawa analinda. Anasimama pembeni ya chombo, shingo imenyooka, na kila kichwa kinachoinama anakipiga. Kisha akamchagua mmoja, mweupe, mdogo kuliko wenzake, tunayemwita Pamba.

Naomba nieleze nilichokiona kwa Pamba, maana wengi wanasema ‘kuku kudonoana ni kawaida’ bila kumshika kuku na kumtazama. Juu ya mkia, pale penye tezi ya mafuta ambayo kuku huichokoa kwa mdomo akajipaka manyoyani, palikuwa wazi upana wa kiganja cha mtoto. Ngozi ilikuwa nyekundu na imevimba. Katikati yake manyoya mapya yalikuwa yanachomoza, yale machanga ambayo mrija wake bado umejaa damu. Unyoya wa namna hiyo uking’olewa unavuja. Na kuku, hata yule mpole kuliko wote, akiona tone jekundu juu ya mwenzake anakwenda kulidonoa. Ndivyo ugomvi wa mmoja unavyokuwa ugomvi wa wote. Wakifikia hapo wanaweza kumla mwenzao akiwa hai, kuanzia mkiani. Halijafika kwangu, lakini limefika kwa jirani yangu, na sitaki kuliona.

Sasa miwani yenyewe.

Hapa Arua maduka ya dawa za mifugo niliyoyauliza hayakuwa nayo. Shemeji yangu aliitafuta Kampala, pale Container Village karibu na Nakivubo, ambako maduka ya mbegu, dawa za mifugo na vyombo vya kuku yamebanana mlango kwa mlango. Ikaja na basi la usiku ndani ya bahasha. Mimi nilihitaji mbili, muuzaji akasema ni pakiti au hakuna. Bei yake haiumi: hela ya trei moja ya mayai na chenji inabaki. Kinachouma ni kwamba ndani ya pakiti hapakuwa na karatasi ya maelezo, si ya Kiswahili wala ya lugha yoyote. Kitu kinachoingizwa puani mwa kiumbe hai kinauzwa bila neno moja la maelezo. Nyota ya kwanza niliipunguza hapohapo.

Ni visahani viwili vyekundu vya plastiki vilivyounganishwa na kidaraja. Kidaraja kinakaa juu ya mdomo, visahani vinakaa mbele ya macho, na kwa ndani kuna vijiti viwili vifupi vyenye ncha ya mviringo ambavyo vinaingia kidogo kwenye matundu ya pua, kimoja kulia, kimoja kushoto. Watu wakiona rangi nyekundu wanadhani kuku anatazama kupitia humo. Hatazami. Plastiki hii haipitishi kitu. Kazi yake ni kumzuia kuona mbele. Macho ya kuku yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo pembeni anaona, juu anaona, chini anaona kwa kuinamisha kichwa. Asichoweza ni kumlenga mwenzake aliye mbele yake. Kuku hupiga kwa kulenga, akikosa shabaha anaacha.

Binti yangu, ambaye hakubali kitu mpaka akitafute kwenye simu, alikuta kwamba Marekani miwani ya kuku iliandikishwa kama uvumbuzi mwaka 1903, na mtu wa Tennessee aitwaye Andrew Jackson. Ile ilikuwa miwani ya kweli, ya kulinda macho ya aliyeivaa asidonolewe na wenzake. Hii ya leo anavikwa anayedonoa. Mimi naona hii ya leo ina haki zaidi: mzigo anaubeba mwenye kosa.

Zipo aina mbili na tofauti yake ni kubwa. Moja ndiyo hii niliyoieleza, isiyotoboa. Nyingine ina pini ndefu inayopitishwa pua moja ikatokea ya pili, ikitoboa ukuta wa katikati. Sheria ya Uingereza inakataza hiyo ya kutoboa, na hata pasingekuwa na sheria popote mimi nisingeigusa. Ukifungua pakiti ukaona pini imelala pembeni, irudishe dukani. Usikubali kuambiwa kwamba ndiyo imara zaidi. Imara ni kweli, lakini inakaa kwa kumuumiza.

Kabla ya kumvika Madamu nilizipitia kwa vidole kama ninavyopitia vifungo vipya. Ukingo ulikuwa na makucha, yale mabaki ya plastiki yanayobaki kiwandani, makali ya kutosha kukwaruza jicho. Nilizisugua kwa msasa laini mpaka kidole kikateleza. Hata ncha za vijiti nilizisugua. Pakiti za bei ya juu huja na koleo la kupanulia, yangu haikuwa nalo, kwa hiyo nilizitia kwenye maji ya uvuguvugu zikalainika nikazipanua kwa mkono. Mvike jioni, giza linapoingia, kuku akiwa ameshatulia. Mfunge mabawa kwa leso, mtu mmoja amkumbatie, mwingine afanye kazi. Kijiti kimoja puani, kisha panua taratibu, kijiti cha pili puani, achia. Halafu shika kidaraja ukitikise kidogo: lazima kicheze. Kisipocheza kinambana, na pua iliyobanwa ni kidonda. Ukiona damu, toa, umevika vibaya. Usimvike kuku mchanga ambaye pua yake bado ndogo. Ngoja awe mkubwa wa kukaribia kutaga.

Usiku alilala. Asubuhi ilikuwa taabu kumtazama, na sitaki mtu aingie kwenye jambo hili bila kujua. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akajikuna kichwa kwa mguu, akatikisa, akagonga ndoo ya maji, akasimama peke yake amejikunja. Nilimwekea chakula kwenye sufuria yenye kina na maji kwenye beseni pana, kwa sababu kuku mwenye miwani hawezi kuokota punje moja moja kwenye sahani bapa. Anahitaji kuchovya mdomo mahali pamejaa. Kufikia jua kali alikuwa anakula. Kesho yake alikuwa anatembea kama mwenyeji. Kama kuku wako anashinda hajala wala kunywa siku nzima, mvue, usimsubiri azoee.

Na kwa Pamba? Nilimwona Madamu akimjia kutoka mbele, kifua mbele kama kawaida yake, na alipofika karibu akasimama. Alimpoteza. Akageuza kichwa ampate kwa jicho la pembeni, akamwona, akanyoosha mdomo, akampoteza tena. Akaenda zake. Pamba aliendelea kula. Nilisimamisha mguu kwenye cherehani, machozi yakanilenga, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimemzoea yule mtoto akila wa mwisho, baada ya wenzake kushiba, akichakura kwenye vumbi la chombo.

Hizo ndizo nyota tatu. Sasa zile zilizobaki.

Ya maelezo nimeshaisema. Ya pili inahusu usalama. Kuku wetu hawafungiwi mchana, na huku mwewe ni jambo la kila siku. Mwenye miwani anaona juu, lakini anayemtazama ataona kwamba wepesi umepungua: wenzake wakipiga kelele na kukimbilia chini ya mwembe yeye anachelewa, anagonga, anatafuta njia. Kwa hiyo wakati wote wa miwani Madamu ilibidi akae ndani ya uzio wenye wavu juu. Kama huna uzio wa namna hiyo na kuku wako wanazurura mpaka kwenye mashamba ya muhogo, usinunue. Vumbi nalo linaganda kwenye vijiti, linachanganyika na unyevu wa pua, na usiposafisha mara kwa mara kwa pamba na maji ya chumvi tundu linaziba. Wavu wa waya nao unaweza kudaka plastiki. Madamu alinasa mara moja akachomoka, miwani ikabaki kwenye wavu, pua ikabaki salama kwa sababu haikutoboa. Hebu fikiri ingekuwa ile ya pini.

Nizungumzie na vitu vingine vinavyouzwa kwa ugonjwa huuhuu, maana ukienda dukani utaonyeshwa vyote.

Kukata midomo. Mtoa huduma mmoja alikuja na chuma chake cha moto, akatazama uani, akaniambia, ‘Mama, nikukatie wote, dakika chache tu, hutasikia tena ugomvi.’ Nilimwambia, ‘Daktari, asante, lakini hapana.’ Alikuwa mpole na alitaka kunisaidia, simlaumu. Ila mdomo wa kuku si ukucha. Ncha yake ina mishipa ya fahamu, ndiyo anayopimia chakula, ndiyo anayojisafishia, ndiyo anayotolea utitiri na chawa katikati ya manyoya. Ikikatwa kwa chuma cha moto anaumia siku hiyo, na wengine maumivu yanabaki maisha. Halafu kuku wa kienyeji anayejitafutia mchwa na mbegu chini, umkate mdomo, atakula nini? Kuwakata kumi kwa kosa la mmoja ni dhuluma, na kwa kundi la nyumbani hakuna sababu yoyote ya kuifanya. Kwa huduma hii sina nyota hata moja ya kutoa.

Dawa ya zambarau, ile GV (gentian violet) ya duka la dawa, ina kazi yake. Si tu kwamba inakausha kidonda, inafunika wekundu, na kidonda kisichoonekana chekundu hakiiti wadonoaji. Osha kwanza kwa maji ya chumvi, kausha, paka, usikaribie macho. Kuna na dawa za kupuliza zenye antibayotiki. Hizo muulize daktari wa mifugo kabla, na muulize pia kuhusu mayai, siku ngapi yasiliwe. Kuna na dawa chungu za kupaka manyoya ili mdonoaji achukie ladha. Sikuijaribu, siwezi kuisemea.

Halafu kuna ushauri usiouzwa: ‘Mchinje.’ Huo nimepewa na kila aliyepita barazani. Namjibu kila mtu vilevile. Kuku wana madaraja. Kuna Mnorwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku tangu utotoni na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaandika jinsi kila kuku anavyojua ni nani anaweza kumdonoa na ni nani anaweza kumdonoa yeye. Madaraja hayo yakikaa sawa ndiyo amani yenyewe, maana kila mmoja anajua zamu yake na hakuna haja ya kupigana. Vurugu inatoka pale kundi linapovurugwa: wapya wameingia, mkubwa ameondolewa, nafasi imekuwa ndogo, chakula hakitoshi. Ukimchinja wa juu unafungua mashindano mapya. Niliona dalili yake hata kwa miwani: Madamu alipopoteza shabaha, Nyeusi, aliyekuwa wa pili, alianza kuinua shingo kwenye chombo cha chakula. Ningemvika na yeye, kisha wa tatu, mpaka pakiti iishe.

Hapo ndipo niliacha kumtazama Madamu nikatazama uwanja.

Nilianza na chakula. Nilitia gao la chakula nililouziwa kama cha kuku wa mayai kwenye glasi ya maji. Karibu lote likaelea, chini pakabaki mchanga na vipande vya makombe. Ilikuwa pumba, na muuzaji simtaji. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini kama asilimia 16 hadi 18. Mahindi matupu hayafiki 10. Na unyoya wenyewe karibu wote ni protini. Kuku anayekosa protini na anayeota manyoya mapya hutafuta anachokosa popote, na kilicho karibu ni mgongo wa mwenzake. Ukiona kuku wako anang’oa unyoya wa mwenzake kisha anaumeza, usimwite mkorofi, mwangalie chombo chake. Chumvi ikikosekana nayo inawafanya watafute damu.

Dawa yangu ilikuwa muziri, vile visamaki vidogo vya Ziwa Albert vinavyoletwa kutoka Panyimur. Navinunua vya daraja la kuku, lakini nachagua visivyo na mchanga na visivyotiwa chumvi nyingi. Naosha, naanika juu ya bati, natwanga, nachanganya na mahindi yaliyosagwa, mashudu ya simsim na unga wa makombe. Usizidishe, mayai yatanuka samaki na wateja watakwambia. Msimu wa mvua mchwa na kumbikumbi wanatusaidia bure. Hapo ndipo utawaona kuroiler na wa kienyeji wanakimbia pamoja bila mmoja kumwangalia mwenzake.

Vyombo vikafuata. Chombo kimoja kinalindwa na kuku mmoja, vitatu havilindiki. Nilikata jerikeni za lita 5 pembeni, nikazitundika usawa wa mgongo wa kuku, moja kila upande, na moja nyuma ya bati lililosimamishwa katikati ya uwanja. Hilo bati ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko kitu chochote nilichonunua. Kuku anayefukuzwa akipita nyuma ya kitu na kutoonekana, kufukuzwa kumekwisha. Mkorofi hakumbuki kuzunguka. Ila hakikisha pana njia mbili za kutokea. Pembe isiyo na njia ni mtego, Pamba aliumia zaidi penye pembe kuliko penye uwazi. Vichanja vinavyowaficha kuku wasionane, matawi ya mwembe yaliyoegemezwa ukutani, gunia lililotundikwa, vyote vinafaa.

Nafasi. Ndani ya banda kila kuku apate si chini ya mraba wa sentimita 60 kwa 60, na mti wa kulalia uwape kila mmoja sentimita 20 au zaidi, bila mmoja kuning’inia juu ya mwenzake. Wangu sasa wana mti mmoja mrefu wa mkaratusi ulionyooka, wote usawa mmoja. Nje wapewe kwa kadiri unavyoweza. Na wapewe kazi: fungu la dodo, yaani mchicha, au majani ya kunde lililofungwa kwa uzi imara usawa wa kichwa, walirukie na kulichana. Nina uzi mwingi, hilo kwangu halina gharama. Pembeni pana shimo la vumbi na majivu la kuogea, maana kuku anayewashwa na utitiri hana subira na mtu. Angalieni chini ya mabawa na pembeni mwa macho, viroboto vya kuku huku kwetu vinajishika penye ngozi tupu kama vimeshonwa.

Na Madamu? Yeye alikaa kwenye tenga, mbali, asikoonekana, siku kadhaa. Watu wengi humtoa anayeonewa wakamtibu chumbani, kisha akirudi anapokewa kama mgeni na kupigwa upya. Mtoe anayeonea. Pamba alibaki uwanjani na GV yake mgongoni, wenzake wakimwona kila siku, na ni pale tu kidonda kilipokuwa kibichi ndipo nilimtenga nyuma ya wavu ndani ya uwanja uleule, anawaona na wanamwona. Madamu aliporudi jioni akiwa na miwani, uwanja ulikuwa umebadilika, vyombo vimeongezeka, na daraja lake la juu lilikuwa limelegea. Hapo ndipo miwani ilipofaa kuliko popote: katika siku za kurudi, kila mmoja anapopima upya nafasi yake, yeye hakuwa na shabaha. Manyoya ya Pamba yalipofunika ngozi nilimvua. Madamu bado ni wa kwanza kula. Bado anadonoa, mara moja, kichwani, na mwenzake anasogea. Hiyo si dhuluma, ndiyo lugha yao, na miwani haikuundwa kuiondoa.

Kwa anayetaka kuongeza kuku, mengi ya haya unaweza kuyaepuka kabla ya kufikiria kununua chochote. Wageni wakae peke yao wiki mbili tatu, kwanza kwa ajili ya magonjwa, maana kideri hakibishi hodi na chanjo yake ni rahisi kuliko kilio. Kisha wawekwe nyuma ya wavu ndani ya uwanja uleule, waonane bila kugusana. Kisha waingizwe usiku kwenye mti wa kulalia, waamke pamoja. Usilete mmoja peke yake. Walete wawili au zaidi, kipigo wagawane. Na usichanganye mdogo na wakubwa ukitegemea jogoo atasuluhisha. Wetu alisuluhisha alipotaka tu.

Kwa hiyo nani anunue miwani hii? Mwenye mkorofi mmoja au wawili wanaojulikana, kuku waliokwisha kukomaa, uzio wenye wavu juu, na mtu nyumbani mchana wa kuwatazama. Mvike mkorofi tu, usiwavike wote. Mwenye kuku wa kuzurura, mwenye vifaranga, na mwenye banda lililojaa mpaka mlangoni asinunue. Hela hiyo aiweke kwenye bati, jerikeni mbili na kilo za muziri.

Na kwa wauzaji wa Kampala, kama mnasoma: uzeni moja moja, na tieni karatasi ya Kiswahili inayoonyesha jinsi ya kuvika, umri wa kuku, chombo cha kina cha chakula na kusafisha pua. Mkifanya hivyo nitarudi hapa kuongeza nyota ya nne. Kwa sasa, aliye Oli au karibu na soko kuu la Arua na anahitaji moja, apite barazani. Zilizobaki kwenye pakiti nimeshazisugua kwa msasa, namuuzia kwa bei ya kununulia, na kumvika kuku wake namfundisha bure, aje naye jioni na leso.